Mama Alivyopanda Jukwaani

Harufu ya rangi mbichi iliyochanganyika na makoti yaliyoloa theluji hunirudisha kwenye ukumbi wa shule yetu ugenini, mjini Buffalo, majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Kila mwaka tuliigiza mchezo wa nyimbo, na miaka yote hadithi ilikuwa ileile: tajiri anampenda maskini, wanacheza dansi, wanaoana, pazia. Mwaka ule mwalimu wa muziki alichoka na maharusi. Akatunga mchezo kuhusu mama mkimbizi anayefungua duka la vyakula katika mtaa wa Grant Street, palepale mama yangu aliponunua unga wa muhogo na dagaa. Wimbo wa mwisho, wa huyo mama, nikapewa mimi. Niliutaka wimbo ule kuliko kitu chochote duniani, na niliogopa jambo moja tu, kwamba mama angeniaibisha.

Kanisani kwetu, sisi wakimbizi kutoka Uvira, mwimbaji haachwi atokwe jasho peke yake. Mtu huinuka, humwendea mbele ya wote na kumpangusa uso kwa leso. Nilimsihi mama, kwa Kiingereza changu cha kujidai, akae kwenye kiti mpaka mwisho. Akaitikia. Lakini usiku wa onyesho, katikati ya ubeti wa pili, sauti ilinikauka, maneno yakanipotea. Nikasikia viatu vizito. Mama, katoka kiwandani moja kwa moja, anapanda ngazi za jukwaa na leso mkononi! Nilitamani ardhi ipasuke. Akanipangusa paji la uso taratibu, kana kwamba tuko wawili tu jikoni.

“Bon, unaogopa nini, mama? Imba tu. Hapa njo kwetu,” akasema, akiniita mama kama mabinti waitwavyo kwetu, akimaanisha kwamba hapa ndipo kwetu.

Nikaimba. Watu wakasimama wakidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa, na kesho yake mwalimu akauandika hivyo kweli. Katika onyesho la pili mama akapanda tena, safari hii kwa kitenge kipya.

Leo nafundisha michezo ya nyimbo huku Columbus. Wenzangu husifu jinsi majukwaa makubwa yalivyoanza kuimba habari za wahamiaji na wafanyakazi wa viwandani, wakitaja waandishi waliothubutu. Mimi huwasikiliza kwa heshima. Mcheza kwao hutunzwa, nami najivunia kusema kwamba namjua aliyeamua, mbele ya watu wote, kuwa pale ni kwetu.