Bwana Yupi Anarudi

Nakumbuka siku moja nilisikia ndala zikikimbia ndani ya nyumba kabla mlango haujafunguliwa. Zilijikwaa, zikaendelea kukimbia. Mwanangu, mpaka leo nikisikia mtu akikimbilia mlango namna ile, huacha nilichoshika nikageuka kutazama.

Ilikuwa Ngagara, mtaa wa Bujumbura, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati malori ya askari yalipokuwa yakichukua watu. Mume wa Mama Yohana, karani, alitoka asubuhi na koti lake, akapandishwa lori, na hapo habari zake zikakoma. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Hata matanga hayakuwezekana: maiti hakuna, na ukikusanya watu uani unaonekana unapanga jambo. Basi mama wa watu alijifungia wiki tatu, akila kidogo mno, kichanga chake kikinyonya ziwa lililokauka.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, mwimbaji wa kwaya kule Kamenge, nimeokoka majuzi na sijui kunyamaza. Kwa hofu tuliyokuwa nayo, mahubiri yetu yote yalikuwa ya kurudi kwa Yesu. Hata njiani tulisalimiana kwa maneno hayo. Nikaenda kumfariji Mama Yohana. Nikabisha, nikapaza sauti kwa furaha: "Mama Yohana, jipe moyo! Bwana anarudi!"

Ndipo ndala zikakimbia.

Alifungua, kitambaa kimemdondoka kichwani, akatazama nyuma yangu mpaka mwisho wa barabara. "Iko wapi? Umemuona wapi? Anatembea mwenyewe?"

Sikuelewa. Niliinua Biblia. "Apana, Mama. Bwana Yesu."

Hakulia. Alirudi ndani taratibu, akakaa sakafuni. "Wangu ni ule wa koti," alisema. "Huyo wako hakuchukuliwa na lori."

Nilikimbia hadi Cibitoke kwa Mzee Zakaria, fundi cherehani na mzee wa kanisa letu, aliyekimbia Kongo akaacha huko makaburi ya ndugu zake wawili. Nilimweleza huku nalia, nikitarajia anibembeleze. Hakuacha hata kukanyaga cherehani.

"Sasa anayelia ni we ama ni yeye?"

"Ni mimi, Mzee."

"Mulokole wa mdomo! Ulimupelekea mbingu yote, unga hukubeba?"

"Nikamwambie nini sasa?"

"Bado unataka kusema? Mdomo wako hauchoki? Enda upike."

Nikarudi na unga wa muhogo na dagaa wakavu, wale tuwaitao ndagala. Mama Yohana alinifungulia kwa sababu ya mtoto, si kwa sababu yangu. Nikapika, nikaosha nepi, nikakaa naye sakafuni. Siku ya kwanza hakugusa chakula, wala ya pili. Siku ya tatu alimega tonge moja, akatafuna muda mrefu.

"Chumvi imezidi," alisema.

Nililia kuliko nilivyolia kwa Mzee Zakaria. Kisha akaniambia, "Omba. Lakini usiseme bwana. Sema Mungu." Nikaomba hivyo. Sala yenyewe ilikuwa fupi, mwanangu. Sikuwa tena na maneno ya kujivunia.

Mume wake hakurudi. Sitakudanganya ili masimulizi yawe matamu. Wengi hawakurudi, na siku nyingine imani yangu ilikuwa kuchochea moto wa mtu mwingine tu, kwa kuwa wangu ulikuwa umezima.

Kwa hiyo nakuusia: ukienda kwa mwenye hofu, fikiri kwanza neno lako atalisikiaje yeye aliye ndani. Usimwahidi ambacho Mungu hakukutuma kuahidi. Kristo alishuka akakaa nasi mavumbini. Nawe kaa hapo alipokaa mwenzako, umpikie, umsubiri. Akitaka sala, atakuomba. Na Mungu aliyewaona watu wale waliochukuliwa, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kutazama akuone nawe, akupe mikono isiyochoka na ulimi mwepesi kunyamaza.

Mama Yohana alihamia Uvira, ng'ambo ya Kongo, kabla ya mvua, kwa dada yake. Asubuhi ile aliniwekea kiganja kichwani. "Bwana akubariki," alisema, kama anayelisikiliza neno lile lile alilonikataza. Halafu akafunga mtoto mgongoni, akachukua furushi lake, akatoka, nami nikausukuma mlango nyuma yake.