Birika la Bi Kidawa

Usiku ule nililala na daftari la mtaa chini ya mto. Kwa miezi minne nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba, nikiandika jinsi wazee wanavyoukumbuka mtaa wetu kabla ghorofa hazijaumaliza. Kurasa zilikuwa zimejaa, isipokuwa ya nyumba yetu wenyewe. Kila nilipomuuliza mama alijibu, "Yameshapita hayo, mwanangu," kisha akageukia ukutani na kifua chake kinachomsumbua.

Mimi si mtu wa ndoto. Nikishiba maharage huota nakimbizwa na ng'ombe, basi. Lakini safari hii nilijikuta ukumbini mwa nyumba yetu ya zamani, ile iliyobomolewa, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na mlangoni amesimama Bi Kidawa.

Bi Kidawa ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike wa mtaa mzima. Utotoni, tukimwona na birika lake tulijua kuna nyumba imefiwa. Akipita mikono mitupu, tulimwamkia. Alikufa siku nyingi.

Sasa anaingia bila hodi, birika mkononi. Namfuata. Ukumbi unarefuka, unageuka ngazi za ghorofa, na kila mlango anaoufungua una kitanda cha kamba kilicholowa maji, mtu hayupo. Kwenye kila mlango anataja jina la mwanamke, na majina yote ninayo daftarini. Naogopa. Nataka kurudi, miguu haitaki.

Mlango wa mwisho ni wa chumba cha mama. Bi Kidawa haufungui. Analiweka birika chini, kizingitini.

"Wote niliowaosha umewaandika," anasema. "Mimi na aliyekuwa akinimiminia maji umeturuka."

"Nani alikuwa akikumiminia?"

"Kaulize, angali anaweza kusema."

Nikaamka jasho likinitiririka, kumeshakucha. Mama alikuwa macho, ameketi kitandani kwake. Nikamwambia nimemwota Bi Kidawa. Hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuja na birika?"

Nilitaka kumdanganya. Wallahi nilitaka.

"Alikuja nalo, mama."

Akajifunika kanga vizuri mabegani.

"Lete daftari," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia maji. Kaa karibu, uandike upesi."