Siku Mama Aliponiita Mbele ya Hakimu

Sina namna ya kuusimulia mkasa huu nikabaki na heshima yangu, kwa hiyo aibu naitanguliza mapema: mimi, mwalimu wa uraia mwenye shahada, mtu wa makamo niliyetumia nusu ya umri wangu kuchora ubaoni ngazi za mahakama za nchi hii, niliumbuka katika ngazi ya chini kabisa, Mahakama ya Mwanzo, mbele ya ndugu na majirani zangu wa kijijini kwetu Kang'ata, na aliyeniumbua alikuwa mama yangu mzazi, ambaye wakati huo tulikwisha kumzika.

Mama aliacha nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba la mahindi na michungwa michache nyuma ya jiko. Ukoo ulikaa kikao bila mimi (niliitwa, nikajibu kwamba nasahihisha mitihani, jibu ambalo hata mwenyewe sikuliamini), ukampendekeza mdogo wangu Shabani awe msimamizi wa mirathi, naye akapeleka maombi mahakamani kama inavyotakiwa. Mahakama ikabandika tangazo kwamba mwenye pingamizi ajitokeze, nami nikajitokeza. Nilidai kwamba Shabani ataiuza nyumba. Sikuwa na sababu yoyote ya kuamini hivyo. Niliogopa tu kwamba siku atakapokabidhiwa karatasi yenye muhuri, pale mahali pataacha kuwa kwa mama na pataanza kuwa mirathi. Tangu nilipoweka pingamizi lile, Shabani hakunipigia simu tena, na mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa, niliona si juu yangu kuanza.

Basi siku ya shauri nikatoka Korogwe, ninakofundisha, nimevaa suti nyeusi. Mlangoni kulikuwa na kibao kinachotaka simu zizimwe. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza: badala ya kuizima, niliondoa mlio tu, nikidhani mkuu wa shule angenitafuta, nikaisukumiza kwenye mfuko wa ndani wa koti (mfuko wenye tundu ambalo mke wangu amenikumbusha mara nyingi nilipeleke kwa fundi).

Kwenye benchi la nje nilimkuta jirani yetu wa zamani, Bibi Mwanahawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wakili?"

"Hapana, bibi. Ni mimi, mtoto wa marehemu jirani yako."

"Aa, Kibwana! Mbona umejifunga hivyo na jua lote hili?"

Kibwana ni jina langu la nyumbani, na nilijisikia vibaya kuitwa hivyo mbele za watu, nikaona nilifunike kwa elimu. Nikaanza kuwafundisha waliokuwa benchini: kwamba Mahakama ni mhimili unaosimama pembeni ya Serikali na Bunge ili hata mnyonge apate pa kusemea, kwamba hapa Mwanzo ndipo mashauri kama letu yanapozaliwa, kwamba asiyeridhika hupanda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu kule Tanga, na mwisho, kukiwa na hoja ya kisheria, Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna nyingine.

Shabani alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kofia mkononi, ananisikiliza.

"Na ukifika huko juu kabisa, kaka," akauliza taratibu, "ndiyo unapewa nini?"

Wakatuita ndani.

Hakimu alikuwa mwanamke niliyemzidi umri kwa miaka mingi, mpole, anayeandika kila neno kwa mkono. Nilipopewa nafasi nilisimama na kuzungumza kama niko darasani. Nilisema mdogo wangu hafai, nikasema kikao hakikuwa halali bila mtoto mkubwa, na nikafika kwenye sentensi niliyoifanyia mazoezi njia nzima: "Mheshimiwa Hakimu, mahakama yako isiponisikia, nitapanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi..."

Ilikuwa saa nne, na saa nne ndiyo saa yangu ya dawa ya presha. Nami nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alamu haijali mlio umeondolewa au la.

"Wewe Kibwana!" Sauti ya mama ikatoka kifuani kwangu, kali, imejaa chumba kizima. "Dawa umekunywa? Usinidanganye, unavyonidanganya tangu ulipokuwa hutaki kuoga!"

Karani akadondosha kalamu. Bibi Mwanahawa akasema, "Yallah, ni mwenyewe!" Nikaingiza mkono mfukoni, simu ikapita kwenye tundu ikashuka ndani ya bitana hadi mgongoni, nikawa najipapasa na kuzunguka palepale kama mtu aliyeingiwa na siafu, na mama hakunyamaza, akayarudia yale yale: dawa, uongo, kuoga. Kisha ikafika ile sehemu ya mwisho, ambayo mimi huisikiliza kila siku na kuizima polepole, sauti ya mwanamume anayecheka kwa karibu: "Mwambie tena, mama, huyo hasikii!"

Ilikuwa sauti ya Shabani. Ndiye aliyemshikia simu siku mama aliponirekodia ujumbe ule.

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Nilivua koti, nikaipata simu, nikaizima. Shabani alikuwa ameinama, kofia imemfunika uso.

"Mweka pingamizi," hakimu akasema bila kuinua sauti, "huyo ni shahidi wako?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni mama."

Akaweka kalamu chini. "Unaendelea?"

"Naliondoa pingamizi."

"Kwa hiari yako, au kwa aibu?"

"Kwa vyote viwili, Mheshimiwa."

Akaliandika hivyo hivyo, nadhani. Shabani akateuliwa msimamizi, na shauri likaisha kwenye ngazi ile ile lilipozaliwa.

Nje alinifuata hadi getini. Nilitegemea anisute, na nilistahili.

"Kaka, ile sauti nitumie," akasema. "Simu yangu ya zamani ilitumbukia kisimani. Sina hata neno lake moja."

Nikamtumia tumesimama pale pale, hatukuangaliana. Hakunikaribisha nyumbani siku ile, na sikuthubutu kuomba, ingawa nilitamani kunusa tu moshi wa lile jiko.

Tangu hapo nimeapa: sitaingia tena kwenye jengo lolote la mahakama na simu iliyo hai, wala kumtishia ndugu yangu kwa ngazi ambazo hakuna hata moja inayofika alipo mama. Mfuko nimeushonesha. Alamu sijaibadilisha. Kila ifikapo saa nne naacha chaki, natoka darasani, namsikiliza hadi kile kicheko cha mwisho, na ninajua, maana Shabani naye ameitega saa hiyo hiyo, kwamba muda huo huo, Kang'ata, kuna simu nyingine inayoniuliza kama nimekunywa dawa.