Futari ya jirani aliye ndani ya TV

Jamani, leo Bibi kanituma nipeleke futari ndani ya TV!

Anapenda vile vichekesho vya Kispania vya kwenye dishi. Kispania hatujui hata neno, basi wahusika wote kawapa majina ya majirani zake wa zamani wa Unguja. Yule mama mgomvi ndiye Bi Time.
Sote hapa nyumbani Ghubra, mbali na Unguja, tukicheka.

Leo kanishikisha sahani ya sambusa.
"Mpelekee Bi Time. Nnamuona kakonda."
Nikacheka. Yeye kidole kwenye TV.
"Bibi, ule si mchezo tu?"
Akaniangalia, wallahi kwa upole kabisa.
"Na weye, mwanangu, mtoto wa nani?"

Kanilea yeye.
Sahani bado ninayo mkononi. Nimjibu nini?