Kijiti cha Salumu

Mavyaa wangu, Bi Mwaija, alikuwa hapendi picha mbaya. Mimi napenda kuanza hapo ninapomweleza, maana watu wa mtaani kwetu Bagamoyo wakimkumbuka husema tu alikuwa mkali, msokota kamba, mtu wa Pangani asiyecheka ovyo, wakaishia hapo. Mkali alikuwa, sibishi. Nimekaa naye nyumba moja, na wallahi kuna siku nilitamani kurudi kwetu Kiwangwa kwa miguu. Lakini ukali wake ulikuwa wa namna moja: kitu kikiwa hakijakaa sawasawa, hakimpi raha.

Kazi ya kamba alifundishwa na mama yake. Makumbi ya nazi unayafukia ufukweni mpaka yaoze, unayaponda, unachambua zile nyuzi, unasokota juu ya paja. Kwa kazi hiyo alimlea Salumu, mwanawe wa pekee, baada ya kufiwa na mume. Vidole vyake vilikuwa vigumu, lakini alikuwa akivipitisha kwenye kamba bila kuitazama, anakwambia wapi imelegea. Yangu akiishika, anaifumua. "Hii ya kufungia mbuzi, mwanangu," anasema, "na mbuzi mwenyewe awe mgonjwa." Nami nanuna, nasokota upya.

Salumu, mume wangu, alikuwa baharia wa meli za nje. Likizo yake ya mwisho alikuja na televisheni aliyoinunua Unguja, na kisanduku cha mchezo alichokitoa Ulaya. Wakati ule bara hatukuwa na televisheni yetu. Tulidaka picha za Unguja kwa waya uliofungwa juu ya boriti. Lakini kile kisanduku hakikuhitaji Unguja. Unakiunga kwenye televisheni, kioo kinakuwa cheusi, katikati unapita mstari, na kila upande kuna kijiti cheupe kinachopanda na kushuka. Na kuna kitone kinachokwenda na kurudi. Kila mchezaji ana swichi yake ya kuzungusha. Kitone kikikupita, mwenzio kapata bao.

Nilidhani mama atakiona cha kitoto. Weee! Alikishika kama aliyezaliwa nacho. Salumu alimfundisha namna ya kupata picha nzuri: "Mama, usikimbilie mwanga. Punguza mwanga, zidisha weusi, ndipo kijiti kitoke." Basi kila alasiri mama anateremsha pazia, anafuta kioo kwa pembe ya kanga kwa sababu ya ule unyevu wa bahari, anachomoa waya wa Unguja, anachomeka wa kisanduku, kisha anazungusha swichi ya stesheni polepole mpaka chenga zote ziishe. Haridhiki upesi. "Bado. Bado. Haya, imekaa." Hapo ndipo wanacheza, mama na dume lake la ndevu, wanagombana na kucheka mpaka adhana ya magharibi. Salumu akikosa, mama anampigia kelele: "Shika basi! Umelala?" Nami niko mlangoni na birika la chai, naona wivu. Mume likizo nzima kaimaliza na mama yake! Nilimwambia, akacheka, akasema safari ijayo atanunua kisanduku chenye swichi tatu.

Safari ijayo haikuwapo. Karibu na Ramadhani alikuja Bwanaheri, baharia mwenzake, akaketi barazani, kahawa hakuigusa. Alituambia bahari ya Ulaya ilichafuka, Salumu akatoka nje kufunga kamba za mizigo, wimbi likamchukua, yeye Bwanaheri anaona. Meli iligeuka, ikamulika, ikazunguka, hawakumwona tena. Shehe wetu alimsikiliza Bwanaheri, akamwuliza mara mbili, akasema ushahidi huo unatosha: asaliwe ghaibu bila maiti, yawekwe matanga, mke akae eda.

Na hapo ndipo mama alipotugomea.

Kwa sababu siku ileile, wageni walipokwisha kuondoka, alikwenda chumbani akateremsha pazia, akawasha. Sijui alitaka nini. Labda alitaka kushika kitu alichokishika mwanawe. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikaenda. Swichi ya Salumu ilikuwa juu ya meza, peke yake, hakuna aliyeigusa. Na kijiti cha Salumu kwenye kioo kilikuwa kinatembea. Kinatetemeka, kinapanda kidogo, kinatulia, kinashuka. Kitone kikaja, kikakutana nacho, kikarudi kwa mama.

"Anacheza," mama akasema. "Mtu anayecheza hawekewi matanga."

Nilitoka mbio mpaka uani, nikashika ukuta.

Baba wadogo wa Salumu walikuja wakamsihi mama. Wakaambulia patupu. Nao wakasema hawawezi kuweka matanga juu ya kichwa cha mama mzazi, basi wangoje. Wangoje nani? Mimi ndiye niliyekuwa nangoja. Ramadhani ikanikuta hivyo, Idi ikanikuta hivyo, Mfunguo Tatu ukaingia mimi si mke wala si mjane. Nikijifukiza udi, wanawake wanatazamana: huyu anamfukizia nani? Nikiuacha, mama ananiuliza, "Ala, unamzika mwanangu angali hai?" Watu hawakujua wanipe pole au waniulize habari za safari. Wengine walivuka njia wasinisalimie, na mimi nikashukuru. Nilikuwa na machozi, na sikuruhusiwa kuyalia nyumbani mwangu mwenyewe.

Na kila alasiri, pazia chini. Chumba kinakuwa na giza, harufu ya makumbi, na ule mlio mdogo, ti, ti, wa kitone. Mama anazungumza. "Leo umechelewa, baba." "Kumbe huko baridi." Mimi najikunyata nyuma yake kwa kuwa alitaka niwepo, na jicho langu haliwezi kutoka kwenye kijiti kile. Niliogopa, jamani. Niliogopa hata kukipa mgongo. Nikienda kisimani nahisi kinanifuata.

Nilipochoka, nilimwita Mtoro, fundi redio wa pale karibu na soko, nikamwambia televisheni ina chenga. Alikuja, akasalimu, "Shikamoo, Bi Mwaija," mama akaitikia, "Marahaba," akampisha kwa shingo upande. Mtoro akawasha, akakitazama kijiti kinavyotetemeka, akaishika swichi ya Salumu na kuitikisa sikioni. Hakuwa anajua habari yoyote. Akasema kwa uwazi kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Bibi, picha yako haina neno. Swichi hii ndiyo imeingia chumvi ya bahari, umeme unarukaruka ndani. Ndiyo maana hiki kijiti hakitulii. Nikiifungua nikaisafisha kwa spiriti, kitasimama."

Nikafumba macho nikingoja matusi. Hayakuja.

Mama akasugua kidole gumba juu ya kidole kingine, vile anavyopima kamba. Kisha akasema, "Safisha."

"Mama," nikasema. Ajabu, ni mimi niliyesema.

"Asafishe. Kama ni chumvi, itatoka. Kama ni mwanangu, spiriti haitamfukuza. Kapigwa na bahari nzima, ataogopa pamba ya fundi?"

Mtoro sasa alielewa, uso ukamshuka. Lakini alikwisha kuambiwa. Akafungua skrubu, akasafisha kwa pamba, pamba ikatoka nyeusi. Akafunga. Miezi yote ile nilikuwa naomba kijiti kisimame, na sasa nilikuwa sijui naomba nini.

Mama mwenyewe ndiye aliyeitengeneza picha. Alifuta kioo. Akapunguza mwanga, akazidisha weusi. Akazungusha, bado, bado, mpaka chenga zikaisha zote. Sijawahi kuiona picha nzuri namna ile: weusi mweusi, weupe mweupe, kila kitu na ukingo wake. "Imekaa," akasema.

Kijiti cha Salumu kilikuwa kimesimama tuli.

Kitone kikaja, kikampita. Mama akapata bao. Kikaja tena, kikampita tena.

"Hapigi," mama akasema.

Mtoro alikuwa kainamisha kichwa.

"Shika basi," mama akasema, safari hii bila kelele. "Shika basi, baba." Kitone kinampita tu. Akaucheza mchezo ule mpaka mwisho, mabao yote yake, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye swichi, na hakuacha kuizungusha. Ulipokwisha, akazima, akafunika televisheni kwa kanga yake.

"Ashatu, mwanangu. Waite baba zake waje waweke matanga. Na wewe ukaoge, ukae eda."

Pale ndipo nilipolia. Nililia mpaka majirani wakajaa nyumbani.

Eda nilikaa mlemle ndani, na mavyaa wangu ndiye aliyenihudumia. Uji alinipikia yeye, maji alinitekea yeye, na mgeni mwenye mdomo alimkatia mlangoni. Kanga haikutoka kwenye televisheni. Hatukumtaja Salumu ila kwenye dua.

Siku nilipotoka eda, masika yalikuwa yanaanza. Nilioga, nikavaa nguo mpya, mama akanifukiza udi mwenyewe. Kaka yangu alikuwa aje kesho yake kunirudisha Kiwangwa. Alasiri mama akasema, "Njoo tucheze kabla hujaondoka. Shika swichi ya Salumu, unifunge japo mara moja." Nilijua ananiaga.

Akaondoa kanga. Akafuta kioo, akateremsha pazia, akazungusha taratibu. Mimi nilikuwa bado nakunja mkono wa nguo, swichi sijaigusa. Picha ikaja.

Kijiti cha Salumu kikatetemeka. Kikapanda kidogo, kikatulia, kikashuka.

Mama alikitazama, uso wake haukubadilika. "Ni chumvi, Ashatu," akasema kwa upole. "Unyevu umerudi. Nitamwita Mtoro aisafishe." Akanyoosha mkono azime.

Nikamdaka mkono, mimi, niliyekuwa nakimbilia uani.

"Mwache, mama," nikasema. "Mwache acheze."