Punguza Mbili

Kwa miaka kumi na minne mwanamke mmoja amekuwa akifika kazini kabla ya wenzake wote, akitupa mkoba wake juu ya kabati, akikunja mikono ya gauni na kwenda moja kwa moja kwenye tangi la matumbawe. Tangi hilo liko ukumbi wa chini wa jumba la maonyesho ya viumbe vya baharini. Ni la kioo kinene, refu kama vitanda vitatu vilivyopangwa mstari mmoja, na ndani yake matumbawe hai yameota juu ya mawe kama bustani. Kazi ya mwanamke huyo ni kuhakikisha maji hayapati homa. Ndivyo anavyowaeleza wageni. Wenzake wamembandika jina la Mama Nyuzi, maana haipiti saa bila yeye kutaja nyuzi za joto, na yupo mgeni mmoja aliyewahi kumuuliza kama anauza na sindano.

Maji yakiwa nyuzi ishirini na sita, Mama Nyuzi hunywa chai yake kwa raha. Yakifika ishirini na saba na nusu, chai hupoa kikombeni. Joto likizidi hapo kwa siku kadhaa, matumbawe huanza kuvitema vijimea vidogo vinavyoishi ndani ya miili yake, ambavyo huyapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Yakishavitema, hubaki meupe na njaa tupu.

Kati ya matumbawe yote, lilikuwapo moja alilolipenda kuliko mengine. Aliletewa likiwa kipande kilichovunjika, kirefu kama kidole, mwaka wake wa kwanza kazini. Alikibandika juu ya jiwe kwa gundi na kukisubiri. Sasa lilikuwa na matawi kama pembe za swala, rangi ya asali, na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Binti yake aliliita mdogo wetu wa mwisho. "Huyo ndiye hajawahi kukukosea, mama," alisema kwa wivu wa utani.

Kipimajoto chake kilikuwa cha kioo, kimefungwa uzi wa plastiki na kuning'inizwa ndani ya tangi. Kilikuwa na kasoro moja: kilizidisha nyuzi mbili. Aligundua hilo mwaka wa pili, alipokilinganisha na cha fundi mitambo. Badala ya kukitupa, alikizoea. Kikionyesha ishirini na nane, aliandika daftarini ishirini na sita.

"Kinatia chumvi," aliwahi kumwambia fundi, "lakini chumvi yake ni ileile kila siku. Watu wangapi unaweza kuwasifu hivyo?"

Meneja, mwanamke kijana mwenye heshima, alijitolea mara mbili kumnunulia kipya. Mara zote mbili alikataa. "Huyu tumeshazoeana, mwanangu. Mpya ataniletea maneno." Lakini hakumwambia meneja kwamba cha zamani kilikosea. Mwanzoni aliona aibu, kisha akasahau kwamba ni jambo la kusemwa.

Mwezi wa joto kali ulipoingia, binti yake akakaribia kujifungua, na Mama Nyuzi akaomba likizo ya siku kumi na mbili. Kazi alimwachia mlinzi wa lango, mtu mzima aliyeitwa Kepteni kwa sababu ya kofia yake, ingawa hajawahi kukanyaga hata mtumbwi. Alimchagua kwa uaminifu wake na mwandiko wake mzuri.

"Utasoma asubuhi, mchana na kabla ya kufunga," alimwambia. "Chochote utakachosoma, punguza mbili, ndipo uandike."

"Kwa nini mbili, dada?"

"Usiniulize kwa nini, kaka. Punguza tu."

"Punguza mbili," Kepteni alirudia kama mtoto aliyetumwa dukani. "Na nilichoandika kikiwa kikubwa mno?"

"Kikipita ishirini na saba na nusu, unanipigia simu, hata kama mjukuu ndiyo kwanza anatoa kichwa."

Kepteni hakupiga simu. Mjukuu alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mama Nyuzi alirudi kazini siku ya kumi na tatu, picha za mtoto zikiwa zimejaa kwenye simu yake. Alipofungua mlango wa ukumbi alisimama.

Matumbawe mengine yalikuwa yamefifia kidogo, lakini lake lilikuwa limepauka. Ncha za matawi zilikuwa nyeupe kama chaki, na asali ilibaki kwa chini tu, nyepesi, kama chai iliyoongezwa maji mara tatu.

Alikimbilia daftari. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Ishirini na saba. Mwandiko wa Kepteni ulikuwa umenyooka, hakuna siku iliyorukwa. Akatazama tangi. Kile kipimajoto cha kioo hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kidude kipya chenye namba zinazowaka: ishirini na tisa. Kichwani mwake, bila hata kufikiri, akatoa mbili. Ishirini na saba. Maji hayana shida, alijiambia. Basi ni ugonjwa gani huu?

Alizunguka tangi akitafuta ugonjwa, hadi meneja alipoingia akitabasamu.

"Umekiona, mama? Nilitaka ukirudi ukikute. Zawadi ya bibi mpya!"

"Kiliwekwa lini?"

"Siku ya pili tu baada ya wewe kuondoka. Hiki hakikosei."

Mama Nyuzi alimgeukia taratibu. "Hakikosei hata kidogo?"

Kepteni aliitwa. Alikuja na kile cha zamani, ambacho alikuwa amekifunga kitambaa na kukihifadhi kwenye droo ya langoni, akijua mwenye nacho atakitaka. Mama Nyuzi alichota ndoo ya maji ya tangi na kuvitumbukiza vyote viwili. Watatu wakainama. Cha zamani kilipanda hadi thelathini na moja. Kipya kilisema ishirini na tisa.

Kepteni ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa, na alipoelewa alivua kofia.

"Dada, niliandika kama ulivyonifundisha."

"Najua, kaka."

"Nilipunguza mbili. Kila siku nilipunguza."

"Najua. Najua."

Kumbe vumbi lilikuwa limeziba matundu ya mashine ya kupoza maji, na kwa siku kumi tangi lilikuwa likichemka polepole mbele ya macho ya mtu mwaminifu aliyekuwa akiandika kwamba halina neno. Fundi mitambo aliisafisha mashine kwa nusu saa. Nusu saa tu.

"Sasa tumwage barafu!" alisema meneja. "Niagize barafu, mama? Magunia mangapi?"

"Hakuna barafu. Ukiyapoza maji ghafla, utayamaliza matumbawe sasa hivi. Ni nusu nyuzi kwa siku, basi."

"Hiyo ni karibu wiki nzima!"

"Ndiyo."

"Na sisi tutafanya nini wiki nzima?"

Mama Nyuzi alizigeukia namba zinazowaka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, alikuwa na kipimo cha kweli mbele yake, na hakuwa na la kukifanyia.

Siku ya pili weupe ulishuka hadi kwenye shina. Wanafunzi wa shule waliletwa kutembelea ukumbi, wakabandika nyuso kwenye kioo. "Tazama, limekuwa kama theluji!" msichana mmoja alipiga kelele, na mwalimu wao akaomba wapigwe picha pembeni yake. Mama Nyuzi aliwapiga picha. Angewaambia nini? Kwamba wanafurahia mgonjwa?

Alipunguza mwanga wa taa juu ya tangi. Alichanganya chakula chepesi na kukidondosha kwa bomba jembamba juu ya matawi, tone kwa tone, akisubiri vinywa vile vidogo vifunguke. Siku ya tatu vichache vilifunguka. Siku ya nne alidondosha chakula hadi mkono ukafa ganzi, na chote kikachukuliwa na samaki wadogo waliomo tangini.

Kepteni alikuwa akija kila saa kutoka langoni.

"Namba ngapi sasa?"

"Ishirini na saba na nusu."

"Si nzuri hiyo? Inashuka."

"Inashuka."

"Basi mbona unalia, dada?"

Alimwonyesha. Chini ya shina, upande wa nyuma ambao wageni hawauoni, utando wa kijani ulikuwa umeanza kujitandaza kama ukungu juu ya mkate. Utando huo hauoti juu ya kitu kilicho hai.

Meneja naye aliuona. Alisema ataandika kwenye ripoti kwamba kosa ni lake, kwa sababu alibadilisha kifaa bila kuuliza. Kepteni alisema hapana, ni lake, alipaswa kumwambia meneja habari ya mbili. Mama Nyuzi aliwasikiliza wakigombea kosa ambalo alijua ni la nani, akawaambia wote wawili kwa upole waende wakafanye kazi zao.

Siku ya saba, mchana, kidude kipya kilionyesha ishirini na sita kamili. Alichukua daftari akaandika ishirini na sita. Maji yalikuwa safi, yametulia, mazuri kuliko yalivyowahi kuwa mwaka ule. Utando ulikuwa umefika kwenye matawi ya kati. Ncha tatu za juu zilikuwa bado nyeupe, safi, hazijaguswa. Alizitazama kwa karibu hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Zilikuwa hai, au zilikuwa zimekufa na utando haujazifikia tu. Kwa macho hakuna tofauti.

"Nizikate nizipande upya?" alijiuliza kwa sauti. Zikiwa hai, kukata kungeweza kuziokoa. Zikiwa dhaifu mno, kukata kungezimaliza. Koleo dogo la kukatia lilikuwa mkononi mwake. Alilishika muda mrefu, akaliweka chini, akalishika tena.

Simu ililia. Ni binti yake, mtoto akipiga kelele kwa nyuma.

"Mama, mdogo wetu hajambo?"

"Maji yamekaa sawa," alisema Mama Nyuzi.

"Sijakuuliza maji."

"Ncha tatu zimebaki, na sijui kama ziko hai," alisema Mama Nyuzi, akaibana simu kwa bega na kulizamisha koleo majini.