Spesa Mbili za Nyuma

Mke wangu ndiye aliyekuwa dereva. Mimi nilikaa kushoto nikisoma gazeti, kazi niliyoifanya vizuri kwa miaka mingi. Alipofariki nilirudisha nyumba ya chuo nilikofundisha, nikaja Lushoto kukaa katika nyumba aliyoniachia baba. Gari nilikuja nalo. Sasa liliendeshwa na mtu mwenye shahada mbili na leseni safi, safi kwa sababu haikuwa imetumika. Siti ya dereva niliiacha pale alipoiweka marehemu, magoti yakigusa usukani, na nilipoisogeza nyuma hatimaye ilikuwa kama nimemwomba mtu apishe.

Binti yetu anafanya kazi Arusha. Alipokuja mara ya kwanza baada ya arobaini nilimpokea Mombo, nikampandisha mlima. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona moja kabla ya Soni nyuma ya gari iliteleza, ikataka kuwa mbele. Tulisimama tumetazama bonde, yeye akiwa upande wa bonde. Siku ya kuondoka akasema, "Baba, nisamehe, lakini barabara ile na wewe kwenye usukani, sipandi tena." Akaita teksi. Ukapita karibu mwaka mzima hajaja.

Mtu anayekaa peke yake mlimani, ukungu ukiwa umeingia tangu saa tisa alasiri, hutazama video nyingi. Katika mojawapo nikakutana na spesa: bamba la duara la alumini, nene kama vidole viwili, linalofungwa kati ya habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, na rimu ili gurudumu lisogee nje. Gari likipanua miguu, alisema kijana wa kwenye video, linatulia kwenye kona. Nikaamini. Kilichoteleza siku ile ni mguu wangu kwenye breki, lakini mguu hauuzwi dukani. Spesa zinauzwa. Nikateremka Tanga nikanunua mbili za nyuma.

Nilisoma pia, maana kusoma ndiko ninakokuweza. Nilijua kwamba tundu la katikati lazima libane habu sawasawa, kwamba kutu isuguliwe, na kwamba nati zikazwe kwa kupishana, msalaba. Zaidi ya yote nilijua kwamba ukishatembea siku mbili tatu ni lazima urudi uzikaze tena, kwa sababu bamba jipya hukaa, na likikaa nati hulegea.

Fundi wa mjini kwetu ni mzee ninayemwamkia shikamoo hata nikiwa nimekasirika. Alizifunga spesa bila kusema mengi. Mwishoni aliingiza bomba kwenye mpini wa spana, akasimama juu yake kwa mguu mmoja mpaka nati ikatoa mlio.

"Imelia," akasema. "Nati ikilia, imeshika."

Nikaiokota spana. Nilitaka tu kuonja nati moja kama imekaza. Gereji haikosi watu waliokuja kukaa, na mmoja wao akapaza sauti: "Jamani, mwalimu anasahihisha mtihani wa mzee!"

Wakacheka. Mwingine akaongeza jambo kwa Kishambaa, wakacheka zaidi. Mzee alikuwa akifuta mikono, hakuinua uso. Nikairudisha spana chini, taratibu, kama mtu aliyekamatwa mkono ukiwa chunguni.

Huku kwetu kazi ya mtu unayemwamkia shikamoo huigusi tena mbele za watu. Ukirudi kukaza alichokaza, umetangaza kwamba amezeeka. Ungeweza kukaza nyumbani, utasema. Uwanja wangu unaonekana kutoka barabarani, na jirani yangu akiona jeki chini ya gari, kabla ya adhuhuri gereji nzima ingejua. Kwa wiki mbili nilipita pale nikienda kununua mkate, nikapunga mkono. Mzee alinitazama kwa muda, kisha akapunga wake. Mkate mmoja unanitosha siku nne, lakini nilikwenda kila siku. Ndiyo mazungumzo niliyokuwa nayo.

Kisha binti yangu akapiga simu: anakuja Jumamosi.

"Nimetengeneza gari," nikamwambia. "Limetulia. Utaliona."

"Haya, baba. Nipokee Mombo, tuone."

Jumamosi asubuhi nilioga mapema kama bwana harusi. Nilipopita kona za mwanzo usukani ulianza kutetemeka kidogo. Nikajiambia ni barabara. Zikafuata kelele za nyuma kulia, ngwa, ngwa, ngwa, kila nilipokata kona. Nikaongeza sauti ya redio. Mtu mwenye shahada mbili aliongeza sauti ya redio.

Nilipofika Soni trafiki akanisimamisha. Alikuwa dada kijana, umri wa binti yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Gari lako limevaa viatu vya nani? Tairi zimetoka nje ya madigadi."

Nikamweleza spesa kwa urefu, na ubora wake kwenye kona. Alisikiliza kwa adabu, akazunguka nyuma, akachutama. Alikaa pale kupita nilivyotarajia.

"Mzee, hebu njoo."

Alikuwa anaizungusha nati kwa vidole viwili, kama anafungua chupa ya maji.

"Unakwenda wapi?"

"Mombo. Kumpokea binti yangu."

"Ndiyo umpandishe kwa magurudumu haya?"

Hakuniandikia faini, na ningependa angeniandikia. Aliniambia tairi isipite madigadi, na kwamba mtu akibadilisha gari hivi hulipeleka kwa mkaguzi na kuwaambia watu wa bima, la sivyo siku ya ajali bima watasema gari hilo hawalijui. "Ila hayo ya baadaye," akasema. "Sasa hivi toa. Hapa hapa. Huteremki nazo."

Sijawahi kufungua gurudumu mbele ya hadhira kubwa namna ile. Wauza matunda damu waliacha ndoo zao waje kunishauri. Gurudumu la pili lilikuwa bado jekini simu ilipoita: binti yangu alikuwa amefika, amesubiri, sasa amechukua teksi. Baada ya muda teksi ilisimama kando yangu. Akashuka, akaziona spesa mbili kwenye majani, akanitazama mikono.

"Shikamoo baba. Zimekuwaje?"

Ningeweza kusema pancha. Neno lilikuwa mdomoni.

"Zilikuwa zinalegea," nikasema. "Nilijua lazima zikazwe tena. Niliona aibu."

Aliangalia bonde. "Malizia," akasema. "Nitakukuta nyumbani." Akarudi kwenye teksi.

Alikaa siku mbili. Tulikula vizuri, tukazungumza juu ya kila kitu kisichokuwa na magurudumu. Asubuhi ya kuondoka nikamwomba tupite gereji kwanza, magurudumu yakazwe na mtu anayejua. Alikubali, kwa mguu. Nami nikaja na gari nyuma yake, polepole, kama mlinzi wa bibi harusi.

Mzee alizipokea spesa, akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha. "Tundu lake kubwa kuliko habu. Hapa nilikosea, nilipaswa kuliona. Lakini mbona hukurudi nikaze?"

"Kurudi?"

"Spesa hurudiwa. Wiki mbili nakuona unapita na mkate. Nikasema, mwalimu hanikubali, amekaza mwenyewe nyumbani. Sasa nimwite mtu mzima njiani, nimwambie nini?"

Gereji haikucheka. Binti yangu alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wawili waliovunja kioo. Mzee akachukua spana, akakaza nati zote, msalaba. Alipomaliza akanipa mimi.

"Onja."

Nikaonja, moja moja, mbele za watu. Hakuna iliyosogea.

Binti yangu akafungua mlango wa kushoto, akaweka begi miguuni. "Nishushe Soni," akasema. "Kuanzia pale kwenda chini ndiko kubaya. Nitapata gari hapo."

Niliendesha kwa mwendo ambao hata baiskeli zenye kabichi zilitupita. Alishika mpini wa juu ya dirisha kona ya kwanza, na ya pili, na sikumbuki kama aliuachia. Tulipofika Soni akashuka, akaomba radhi kwa haraka yake, akaingia kwenye gari la watu wengine. Nilisubiri mpaka lilipopotea kwenye kona. Halafu nikaligeuza langu, nikapandisha, na mpaka juu sikuwasha redio.